Ndege Haina Ukuta

Yule msomaji wa Makambako aliyetuma ujumbe kuuliza, "Hivi huyu mama ana akili timamu?", jibu ni hapana, sina. Ningekuwa nazo, nisingekaa hapa kila Jumapili nikijianika gazetini kama dagaa juani.

Kwa aliyekosa mwanzo, nifupishe. Mimi ni Faustina Kalinga, mzaliwa wa Ipogolo, Iringa. Nimeolewa Uyole, Mbeya, na Ezron, mtu wa Tukuyu, muuza viazi. Mwaka jana mama mkwe alifariki, Ezron akamleta baba yake aishi nasi.

Hapo ndipo balaa lilipopiga hodi. Vijana wa siku hizi wengi wameiacha hii mila, lakini ukoo wa Ezron wameing'ang'ania: mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Sisemi wasalimiane kwa mbali. Hawaonani kabisa! Humtazami usoni, humgusi, hamkai chini ya paa moja, na jina lake hulitamki hata ukibanwa vidole na mlango. Ndiyo maana tangu tuanze mnanisikia Baba Mkwe, Baba Mkwe. Jina analo, na zuri tu, ila mimi si wa kulitaja.

Basi Ezron akajenga ukuta katikati ya nyumba. Upande wa Baba Mkwe sebule na mlango wa mbele, upande wetu jiko na mlango wa nyuma. Wazee wa ukoo wakaja, wakaugongagonga ule ukuta, wakatikisa vichwa, wakasema haya, sasa hizi ni nyumba mbili. Tangu hapo Baba Mkwe namjua kwa vitu viwili tu. Cha kwanza redio yake, anayoifungulia asubuhi kwa sauti ya kung'oa mabati. Cha pili kikohozi chake: anakohoa mara mbili kavu, ananyamaza, halafu kinakuja cha tatu peke yake, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Akiwa na neno, anauambia ukuta.

"Ewe ukuta, mwambie mwenye jiko, mboga ya leo imetulia."

Nami najibu, "Ukuta, mwambie mzee nashukuru."

Mkicheka chekeni. Mtu huzoea.

Na ile siri mnayoijua ninyi wasomaji, wifi yangu Tumpe na dada yangu Veneranda peke yenu: nina mimba. Mbili zilishatoka. Ukoo wanasema siku ya harusi nilikatiza mbele ya Baba Mkwe, ndiyo maana tumbo langu halishiki. Mimi ni Mkatoliki, nimepata kipaimara, nayajua maneno ya watu kuwa ni maneno ya watu. Lakini ukishazika matumaini mara mbili, unaogopa hata kivuli chako. Ezron sijamwambia, na gazeti yeye hasomi. Siwezi kumwona akinunua tena viatu vidogo halafu avifiche juu ya kabati.

Tumpe ni nesi Mwanza. Amenitafutia daktari bingwa huko, na ili kaka yake asishtuke, akatuita wote: "Njooni mle Krismasi kwangu, iwe likizo. Baba naye abadilishe hewa, tangu mama aondoke hajatoka hata getini." Mkunga wa kliniki akanionya, basi la kutoka Mbeya mpaka Mwanza nisiliguse. Ezron alishatangulia na Fuso lake la viazi. Tukabaki mimi, Baba Mkwe, na ndege.

Hakuna kati yetu aliyewahi kuipanda. Mashirika yalikuwa mawili. Korongo, ndege kubwa, inaruka kutoka Songwe, unabadilisha Dar, unafika Mwanza. Na Mbayuwayu, kadogo, kanaruka kutoka uwanja wa Iringa, kanagusa Dodoma, kanakufikisha Mwanza.

Chagua, Faustina!

Nikaenda kwa Antoni, kijana anayekata tiketi pale Mwanjelwa.

"Antoni, hiyo Korongo ina milango mingapi?"

Akaacha kubofya kompyuta. "Mama, wenzako wanauliza mizigo. Wanauliza kama kuna chai. Wewe milango?"

"Nijibu kwanza."

"Miwili. Mbele na nyuma."

Moyo ukatulia kidogo. "Na Mbayuwayu?"

"Mmoja. Ile ni ndogo, mama. Chukulia Noah, halafu ipachike mabawa."

"Na hiyo Korongo, katikati ina ukuta?"

"Ukuta wa nini?"

"Wowote. Tofali, mbao, hata bati."

Antoni akanitazama, akatazama mlango, nadhani alikuwa anatafuta shahidi. "Mama Faustina, ndege si nyumba ya kupanga."

"Hakuna hata kitu cha kuzibia?"

"Labda pazia. Kule mbele kuna pazia."

Pazia! Ningeweza kumkumbatia yule kijana. "Basi tuandikie Korongo wote wawili. Mzee umweke mbele ya pazia, mimi nyuma."

"Mbele ya pazia ni kwa wakubwa, mama."

"Kwani mzee wa miaka themanini kwako ni mdogo?"

"Wakubwa wa mfuko," akasema. "Basi, nitamweka karibu na pazia. Ataingilia mlango wa mbele, wewe wa nyuma. Sawa?"

Nikarudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa. Mwanamke wa Ipogolo nimeiweza ndege kabla sijaiona. Nikasimama jikoni, nikakohoa kidogo.

"Ukuta, mwambie mzee, tumepata Korongo. Yeye mlango wa mbele, mimi wa nyuma, na katikati pana pazia."

Kikohozi, kikohozi. Kimya, halafu kile cha tatu.

"Ukuta, mwambie mwenye jiko, vyema. Ila mwulize, hilo lidege likianza kutikisika huko juu, yeye atamshika nani mkono?"

Nikageuza ugali.

Ezron akapiga simu yuko njiani, Singida. "Mmekubaliana?"

"Tumekubaliana. Korongo, wote wawili."

"Safi sana! Unajua nini, Faustina? Nimechoka kuoa mlango wa nyuma. Mkishashuka Mwanza mmepanda ndege moja, labda haya mambo yaishe."

"Ndiyo, mume wangu," nikasema, na wakati huo nilikuwa nasema kweli.

Kweli yenyewe haikudumu. Akapiga dada yangu Veneranda kutoka Ipogolo. Huyu aliwahi kupanda ndege mara moja, na akina mama wa parokia walipokwenda kuhiji, na tangu siku hiyo ukoo mzima hakuna anayeijua anga kama yeye.

"Kamwene mdogo wangu. Nasikia mnapaa."

Nikamweleza milango. Nikamweleza pazia. Akaangua kicheko mpaka simu ikakwaruza.

"Milango miwili, chumba kimoja, we Faustina! Mlango hauna maana, wote mnakutana mle mle ndani. Na hilo pazia, ndege ikiruka wanalifungua, ikitua wanalifungua. Halafu choo je?"

"Choo kimefanyaje?"

"Kiko nyuma! Mzee wa umri ule atashika mkojo mpaka Dar? Atapita ubavuni kwako. Na ile njia ni nyembamba, mtu akipita anakusugua bega. Wewe mwenyewe na hali yako hiyo utakwenda mara ngapi? Mtapishana kama siafu."

Nikakaa chini sakafuni, mgongo kwenye ukuta, nikaanza kulia kwa sauti kama niliyefiwa.

"Siwezi, dada! Siwezi kukaa naye ndege moja! Nikimgusa je? Na hii hali yangu?"

"Basi panda ile ndogo ya huku Iringa, mzee umwachie Korongo."

"Ile Noah yenye mabawa? Siipandi! Afadhali nife! Nasikia ikipita wingu inadunda kama jiwe barabarani!"

Upande wa pili wa ukuta redio ikazimwa.

Nikaona aibu, nikatoka nje na simu yangu, nikaenda mpaka kwenye migomba. Huko nikafuta kamasi, nikawaza. Kuogopa ni kuogopa tu, kunapita. Mtoto akipita harudi. Nikamwambia Veneranda taratibu, "Haya. Niandikishie hiyo Mbayuwayu. Usimwambie mtu yeyote, hasa Ezron."

Siku ya kuondoka nikaudanganya ukuta. Ndiyo, nimefika huko, nadanganya mpaka matofali.

"Ukuta, mwambie mzee, natangulia. Nitalala kwa shoga yangu Mbalizi, karibu na uwanja, ili tusipande gari moja. Yeye kesho atapelekwa Songwe na jirani yetu Esta. Tutakutana Mwanza."

Nilitegemea atasema vyema kama kawaida yake.

"Ukuta, mwambie mwenye jiko asafiri salama. Na avae kitu cha joto."

Tangu aje nyumbani kwangu hakuwahi kuniaga. Nikabeba begi langu, nikapanda gari la Iringa.

Kesho yake mchana, uwanja wa Iringa. Veneranda alinichelewesha kwa sala zake. Alisali kwa Mtakatifu Kristofa, akasali kwa malaika mlinzi, akarudi tena kwa Kristofa. Tunafika, abiria wenzangu wameshaanza kupanda.

"Panda mzani," akaniambia dada wa mapokezi.

"Begi?"

"Wewe na begi. Ndege ndogo hii, tunapima kila mtu."

Mwe! Nikapanda nikiwa nimevuta tumbo ndani, maana niliamini ule mzani utasema tuko wawili. Haukusema. Nyuma yangu akapanda jibaba moja, kofia pana, viatu vya matairi, na mshale wa mzani ukaruka mpaka dada wa mapokezi akaguna.

"Ni mchele," yule jibaba akajitetea. "Mimi naitwa Makoye, nalima mpunga Ubaruku. Ukila unachokilima ndiyo hivi." Akanigeukia. "Wamenipokonya fimbo yangu. Ng'wanawane, mwanangu, mwanaume anaingiaje kwao Magu mikono mitupu? Mama hatanijua! Hivi na wewe ni mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza."

"Afadhali. Hivi hii ikikata kona, mtu anaegemea wapi?"

"Upande wa Mungu," nikamjibu. Akacheka, nami nikapata nguvu kidogo.

Mlango ulikuwa mmoja kweli, huko nyuma, na ngazi fupi. Nikaingia nimeinama. Kwenye kiti cha mwisho kabisa alikuwa ameketi mzee mmoja mwenye koti zito, kofia ya sufu ameishusha mpaka kidevuni. Nikamwonea huruma. Nikasema moyoni, huyu naye mshamba mwenzangu, hataki kuona. Njia ilikuwa finyu, paja langu likagusa goti lake.

"Samahani, baba."

Akajikunja tu, akaivuta kofia zaidi.

Nikakaa kiti cha mbele. Makoye akaambiwa akae katikati, nyuma yangu, kwa sababu ya uzito. Mlango ukafungwa, kitasa kikalia. Rubani akaanza kusema mambo ya mikanda. Mle ndani pakawa kimya.

Kikohozi. Kikohozi.

Nikasema hapana, Faustina, wazee wote wanakohoa. Tulia, mama.

Kikaja cha tatu, peke yake.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Nishusheni! Rubani, nishushe!"

Rubani msaidizi, binti mmoja mwembamba, akageuka. "Mama, tumeshafunga. Hii si bajaji."

"Kuna mtu siwezi kukaa naye!"

"Ni hadi Dodoma tu, mama. Vumilia." Injini ikanguruma, ikala maneno yangu yote. Nikaona nyasi zinakimbia, nikaona paa la uwanja, kisha nikaona vilima vya Iringa viko chini ya miguu yangu, na mimi niko chini ya paa moja na Baba Mkwe.

Nikajifunika kanga kichwa kizima. Nilimgusa goti! Nilimgusa, nikamwita baba, na mkono wangu wakati huo ulikuwa tumboni. Nilijitenga na Korongo, nikamdanganya mume, nikaudanganya ukuta, nikapanda hiki kidude ninachokiogopa kuliko nyoka, ili tu nisifike hapa. Na hapa ndipo nilipofika. Jamani, kama kuna mtu ana nuksi kunizidi, aje tushindane.

Makoye akaniinamia kwa nyuma. Ilibidi apige kelele. "Ng'wanawane! Umeona jini?"

"Yule mzee wa nyuma yako! Ni baba mkwe wangu! Usigeuke!"

Akageuka mwili mzima. Ndege nzima ikahisi.

"Si umsalimie?"

"Kwao hatuonani! Ni mwiko!"

Msukuma wa watu hakucheka, na kwa hilo Mungu ambariki. "Sasa nyumbani mnasemezana vipi?"

"Tunauambia ukuta."

Makoye akatazama kulia, dirisha. Akatazama kushoto, dirisha. "Humu hamna ukuta," akasema. Akawaza. Halafu akaikaza kofia yake, akajinyoosha kitini mpaka mabega yakajaa njia yote. "Haya. Mzani umesema mimi ndiye mzito kuliko wote humu. Nitakuwa ukuta. Sema."

Nilisita, lakini ulimi ulikuwa unawasha. "Ukuta, mwambie mzee, kwa nini hayuko kwenye Korongo?"

Makoye akanguruma kwenda nyuma. Jibu likarudi kidogo kidogo, kwa sababu Makoye alilazimika kutega sikio.

"Anasema, mwambie mwenye jiko, na mimi nilitaka kumwuliza hivyo hivyo."

"Mimi nilimwachia yeye ile kubwa! Ili asipate shida!"

Makoye akapeleka. Akarudi, sauti yake imeshuka.

"Anasema ule ukuta wa nyumbani ni wa tofali moja. Alikusikia ukilia. Ulisema hii ndogo huipandi, afadhali ufe, na kukaa naye ndege moja huwezi. Akaona basi, ile kubwa upande wewe. Yeye ameshakula chumvi nyingi, hii ikidondoka si hasara. Akamrai kijana wa tiketi ambadilishie, akamdanganya jirani yenu, akapanda basi la alfajiri peke yake."

Kanga yangu ikalowa. Alisikia kilio changu chote, ila hakusikia nilichosema kwenye migomba.

"Anasema kuna lingine," Makoye akaendelea. "Ila hili ananiomba nisilipige kelele." Akanisogelea sikioni. "Anasema, asubuhi ukianza kutapika, yeye alikuwa anafungulia redio kubwa. Ili mwanawe asisikie kabla wewe hujataka asikie."

Ile redio! Ile redio niliyoilaani kila asubuhi, niliyotamani ianguke ivunjike, niliyoisema vibaya hapa hapa gazetini mkanicheka! Nikalia, tena si kilio cha woga. Tangu ahamie kwetu nilikuwa nadhani mtu huyu yuko upande wa pili akihesabu makosa yangu, kumbe alikuwa amekaa zamu.

"Ukuta," nikasema, na sauti ilikuwa inakatika, "mwambie mzee... mwambie ndaga fijo."

Shukrani ya kwao, niliyojifunza kwa Ezron. Makoye akaifikisha hivyo hivyo, na lafudhi ya Kisukuma juu yake. Nikasikia huko nyuma sauti ndogo, kama mtu anayecheka na kukohoa kwa pamoja.

Tuligusa Dodoma, wala sikushuka, na tulishaiacha tulipokutana na mawingu. Yalikuwa meusi, yamejipanga. Rubani akaipandisha ndege ili tuyaruke, juu zaidi, mpaka masikio yakaziba na hewa ikapungua. Halafu ikadunda. Ilidunda kweli, Veneranda hakusema uongo. Makoye akataja mababu zake wote. Mimi nikashika kiti cha rubani, na hapo ndipo tumbo liliponivuta. Chini, upande wa kushoto. Nilikuwa naujua ule mvuto. Niliujua mara mbili.

Siyo leo. Mama Maria, siyo leo.

Kikohozi kikasikika nyuma. Kikohozi cha pili. Nikangoja cha tatu.

Hakikuja.

Nikangoja tena. Ndege ikatulia kidogo, injini ikashusha mlio, na cha tatu bado hakikuja.

"Ukuta!" nikaita. "Mwulize mzee hali!"

Makoye akageuka. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akanirudia na uso wa mtu mwingine. "Mama. Mzee hapumui vizuri."

Rubani msaidizi akachungulia. "Kuna nini huko?" Makoye akamwonyesha. Yule binti akavuta kichupa cha hewa kutoka chini ya kiti, akakipitisha mkono kwa mkono. "Mnyanyueni kichwa! Mfungueni kola! Sisi tunaishusha ndege taratibu, ila asilale! Mtu wake ni nani? Ndugu yake yuko wapi?"

Abiria wakatazamana.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyenijua mle zaidi ya Makoye, na Makoye asingenisema, alikuwa ananitazama tu na kile kichupa mkononi. Ezron asingejua. Ukoo ungesema nimefanya vyema, nimeheshimu mpaka mwisho. Tumbo lilikuwa linavuta, na kila nilichoambiwa tangu harusi kilikuwa kinaniambia, ukigeuka tu, Faustina, huyu wa tatu naye umemtoa mwenyewe.

Nikaweka mkono tumboni. Nikamwambia aliyemo, mwanangu, babu yako aliwasha redio kwa ajili yako.

"Ni mimi," nikasema. "Ni baba yangu."

Nikafungua mkanda, nikageuka.

Makoye alijibana pembeni nipite, akanikabidhi kile kichupa. Nikapiga magoti kwenye ile njia. Mzee alikuwa ameegemea dirisha, kifua kinapanda bila kushuka, na ile kofia ameibana usoni kwa mikono miwili. Mnanielewa? Hewa hana, na hiyo kidogo iliyobaki anaizuia kwa kofia, ili mimi nisivunje mwiko. Alikuwa anakufa huku ananistahi.

"Toa kofia!" yule binti akapiga kelele. "Mwekee hewa puani!"

Nikaikamata kofia. Akaishikilia. Nikavuta, naye akavuta, vidole vyake vigumu kama mizizi, mpaka nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, nikaukanda, vikalegea.

Nikamwona.

Ana paji la uso la Ezron. Ana nyusi za Tumpe. Macho ameyafumba kwa nguvu, kama mtoto anayejificha. Nikamwekea kile kichupa puani. Kichwa chake kikaangukia begani kwangu, kizito, na kifua kikasimama.

"Mwiteni!" binti akalia. "Mwiteni kwa jina lake, asiende! Anaitwa nani?"

Makoye akanitazama. Ndege nzima ikanitazama. Tumbo likavuta tena, kali kuliko mwanzo.

Jina hili sijalitamka kanisani, sijalitamka ndotoni, na ninyi wasomaji wangu tangu tuanze sijawahi kuwaambia. Nikalitaja sikioni kwake kwa sauti yangu yote.

"Ambokile! Baba Ambokile, kohoa!"